Kutoka "Kurefusha Maisha" hadi "Kufubaza Virusi": Historia ya Istilahi za Dawa za VVU, kwa Mfano wa Buhigwe

1. Utangulizi

Mojawapo ya majukumu ya Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, ni kusimamia ukuzaji na usanifishaji wa istilahi. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya kundi dogo la istilahi, yaani majina ya dawa wanazopewa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU), pamoja na maneno yanayoandikwa juu ya cheti na kopo la dawa hizo.

Tumelichagua kundi hili kwa sababu ya uzito wake. Katika taaluma nyingi istilahi mbovu humsumbua msomaji, naye akarudia kusoma mpaka akaelewa. Katika taaluma hii msomaji ni mtu aliyeketi mbele ya mganga kwa dakika chache, kisha akarudi kwake na kopo la vidonge. Atayatenda yale aliyoyaelewa, si yale tuliyokusudia aelewe. Hoja yetu ni kwamba kila jina ambalo Kiswahili kimezipa dawa hizi limekuwa na ahadi ndani yake, na kwamba ahadi hizo hazikulingana. Kazi iliyobaki ni kuondoa ahadi zisizo za kweli.

2. Buhigwe, njia panda ya majina

Ili mjadala usielee hewani, tumechukua mfano wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, mpakani mwa Burundi. Lugha ya nyumbani huko ni Kiha, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Kiswahili kilienea kwa njia nyingi: biashara ya Ujiji na Kigoma, Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, shule na misheni, na zaidi ya yote wanaume waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro na kurejea na lugha ya kambini.

Wenyeji wa nyanda hizo si wageni wa maradhi yenye kuletewa jina na serikali. Katika miaka ya 1930 utawala wa Waingereza uliwahamisha watu wengi wa Kasulu na Kibondo na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale. Yafaa kuangalia neno hilo. "Malale" limetokana na kitenzi "lala", na aliyelisikia kwa mara ya kwanza alikwisha kujua nusu ya dalili za ugonjwa wenyewe. Istilahi ya namna hiyo humsaidia mtumiaji hata kabla hajaelezwa.

Jambo la pili linaloipa Buhigwe umuhimu ni mpaka. Ng'ambo ya kituo cha Manyovu ugonjwa tunaouita UKIMWI huitwa SIDA, kwa kufuata Kifaransa, na virusi vyake huitwa "umugera wa SIDA". Mtu mwenye virusi hivyo husemwa kwa Kirundi kuwa "agendana" umugera, yaani anakwenda nao safari moja. Wakimbizi wa Burundi waliopokewa Kasulu na Kibondo kwa vipindi mbalimbali tangu mwaka 1972, na wale wa Kongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, walikuja na msamiati huo. Kwa hiyo katika masoko ya ujirani mwema na katika zahanati za mpakani ugonjwa mmoja umekuwa na majina mawili, na imewezekana kabisa mtu akajua habari za SIDA bila kujua kwamba tangazo la UKIMWI lililo ukutani linamhusu yeye.

Jambo la tatu ni uchache wa maambukizi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima maambukizi yalikuwa asilimia 12.7 katika Mkoa wa Njombe, na asilimia 1.7 tu katika Mkoa wa Kigoma, kiwango cha chini kuliko mikoa yote ya Bara. Hiyo ni habari njema, lakini kwa mtaalamu wa lugha ina upande wake wa pili. Mahali ambapo wagonjwa ni wengi, msamiati wa dawa hufundishwa na jirani kwa jirani. Mahali ambapo wagonjwa ni wachache na wamejificha, mgonjwa hana mwalimu isipokuwa mganga na maandishi. Hapo ndipo istilahi hubeba mzigo wote.

3. Jina la ugonjwa

Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya kwanza ya kitabibu juu ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Basi kamusi yetu kuu ilitoka ikiwa haina, wala haikuweza kuwa na, neno lolote la ugonjwa ambao miaka miwili baadaye, 1983, ungethibitishwa kwa wagonjwa watatu mkoani Kagera.

Wananchi hawakuwangoja wanaistilahi. Kagera waliuita "Juliana", jina la aina ya nguo zilizokuwa katika biashara ya mpakani wakati huo. Uganda waliuita "silimu", kwa sababu ya kukonda. Mijini yakazuka "ngoma", "mdudu", na "amekanyaga umeme". Majina haya yana sifa moja: hayamtaji mtu wala kiungo wala tendo. Ni majina ya kufichia.

Jina rasmi lilipopatikana, lilikuwa kazi nzuri ya uundaji. Maneno "Upungufu wa Kinga Mwilini" yalikatwa silabi zake za mwanzo, yakazaa U-KI-MWI. Akronimu hiyo iliangukia moja kwa moja katika ngeli ya U, penye upofu, ukoma na uziwi, ikapokea upatanisho wa kisarufi bila taabu: UKIMWI unaenea, UKIMWI umepungua. Palikuwa na ubishi mdogo mwanzoni, kwani wengine walifasiri herufi ya kwanza kuwa ni "Ukosefu". Tofauti hiyo haikuwa ndogo kwa maana. Aliyekosa hana kabisa, na aliyepungukiwa anacho na anaweza kuongezewa. Miaka ishirini baadaye, dawa zilipofika, ilidhihirika kwamba "upungufu" ndilo neno lililoacha mlango wazi.

Virusi navyo vilipitia njia yake. Maandishi ya awali yalisema "vijidudu" na "viini". Neno "virusi" liliposhinda, wasemaji waliligeuza kwa kanuni za lugha yao: kwa kuwa linaanza na vi-, umoja wake ukawa "kirusi", kama kitabu na vitabu. Hivyo ndivyo lugha hai inavyomeza neno geni.

4. "UKIMWI hauna dawa"

Kampeni za miaka ya 1980 na 1990 zilisimama juu ya sentensi fupi: UKIMWI hauna dawa. Ilibandikwa shuleni, hospitalini na katika ofisi za kata, ikatangazwa redioni, ikaimbwa na wanafunzi. Wakati huo ilikuwa kweli kwa maana zote mbili za neno "dawa".

Tunasema maana mbili kwa sababu "dawa" katika Kiswahili ni kitu anachopewa mgonjwa, na pia ni kile kinachomaliza ugonjwa. Tukisema "hii ni dawa ya kikohozi", twamaanisha cha kumeza. Tukisema "dawa ya moto ni moto" au "jambo hili limepata dawa", twamaanisha ufumbuzi, mwisho wa shari. Mzee wa Buhigwe aliyeisikia sentensi ile kwa miaka kumi na mitano aliielewa kwa maana ya pili, na alielewa sawasawa: ugonjwa huu hauna mwisho ila kifo.

Wakati huo huko nje mambo yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1987 Marekani iliidhinisha zidovudini, dawa ya kwanza ya kupambana na virusi hivi. Ilimezwa kila baada ya saa nne, hata usiku wa manane, na gharama yake ilikaribia dola 10,000 kwa mwaka. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja huvishinda nguvu virusi kwa muda mrefu. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa bei isiyofika dola moja kwa siku. Nchini kwetu, Rais Benjamin Mkapa alitangaza mwishoni mwa mwaka 1999 kuwa UKIMWI ni janga la kitaifa. Tume ya Kudhibiti UKIMWI iliundwa kwa sheria mwaka 2001, na mwezi Oktoba 2004 dawa zikaanza kutolewa bure, kwanza katika hospitali kubwa, kisha katika hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati.

Basi katika mwaka 2004 serikali ilianza kugawa dawa za ugonjwa ambao serikali hiyohiyo ilikuwa imefundisha kuwa hauna dawa. Watangazaji walitafuta njia ya kutokea, wakabadili tangazo likawa "UKIMWI hauna tiba". Lakini hospitalini mlango ulioandikwa CTC ulitafsiriwa kuwa "Kliniki ya Tiba na Matunzo". Mgonjwa akasoma ukutani kwamba hakuna tiba, na mlangoni kwamba tiba i humo ndani. Maneno yote mawili yaliandikwa kwa nia njema, lakini hakuna aliyeyaweka pamoja na kuyalinganisha.

5. Majina matatu ya dawa

Dawa zenyewe zilikuja na kifupisho cha kigeni, ARV, ambacho watu wengi hulitamka kwa herufi zake. Kwa Kiswahili zimepata majina matatu makuu, na kila moja lina wakati wake.

La kwanza ni "dawa za kurefusha maisha". Jina hili lilifaa hali ya mwanzo. Katika miaka ile ya kwanza mtu alianzishiwa dawa, kwa kawaida, seli zake za CD4 zilipokuwa zimeshuka chini ya 200 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, au alipokuwa tayari hoi kwa magonjwa nyemelezi. Alikuja amebebwa, na baada ya miezi michache alirudi kwa miguu yake. Kwa waliomwona, maisha yalikuwa yamerefushwa kweli. Hata hivyo jina hilo lina kasoro. Kinachorefushwa ni kile kilichokuwa kinakwisha, kwa hiyo linamwambia mgonjwa kuwa amekwisha kuhukumiwa, ila siku ya hukumu imeahirishwa. Tena mwaka 2016 Tanzania ilianza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja kinga ishuke. Mkulima mwenye nguvu zake, aliyepima leo na kulima jana, akiambiwa apokee dawa ya kurefusha maisha, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeyafupisha. Utaratibu wa tiba ulibadilika, jina likabaki nyuma.

La pili ni "dawa za kupunguza makali". Hili limeenea sana Kenya na Tanzania, na Kinyarwanda kina jina lenye maana hiyohiyo, "imiti igabanya ubukana", yaani dawa zipunguzazo ukali. Sitiari yake ni ya kisu: virusi vina ncha, dawa zinaifanya butu. Ubora wake ni kwamba linaonyesha wazi kuwa adui bado yupo. Upungufu wake ni kwamba makali yaliyopunguzwa bado ni makali. Mwenye kisu butu bado aweza kukata. Jina hili halina nafasi ya kueleza ukweli uliothibitika baadaye, kwamba mtu anayemeza dawa zake barabara aweza kufikia hali ya kutomwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana.

La tatu ni "dawa za kufubaza virusi", ambalo limeshika nafasi katika maandishi ya idara za afya nchini Tanzania. "Fubaa" ni neno letu wenyewe. Rangi ya nguo iliyoanikwa juani siku nyingi hufubaa, na mtu aliyezubaa akapoteza uchangamfu husemwa amefubaa. Kitu kilichofubaa hakikufa wala hakikuondoka. Kipo, lakini kimepoteza nguvu yake ya kutenda. Tena kitenzi hiki, kikiwa katika kauli ya kusababisha, kinadai mtendaji: virusi havifubai vyenyewe, hufubazwa, na asiyeendelea kuvifubaza atavikuta vimechangamka. Kwa maoni yetu hili ndilo jina linalokaribia zaidi ukweli wa kisayansi.

6. Dawa hutenda nini

Ili kuupima usahihi wa jina hilo hatuna budi kueleza kazi ya dawa kwa ufupi. Virusi hivi haviwezi kuzaliana vyenyewe. Huingia katika seli za kinga, hasa zile zenye alama ya CD4, na huko hutumia kimeng'enya chao kunakili maelezo yao ya urithi kutoka umbo la RNA kwenda umbo la DNA, kinyume cha mwendo wa kawaida wa seli. Ndiyo sababu jamii hii huitwa retrovirusi. Kisha kimeng'enya cha pili huipachika nakala hiyo ndani ya DNA ya seli yenyewe. Tangu hapo seli, badala ya kutulinda, hugeuka kiwanda cha virusi.

Kidonge kinachotumika sana kwa watu wazima tangu mwaka 2019 kina dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Mbili za kwanza huvuruga kazi ya kunakili, ya tatu huzuia kazi ya kupachika. Kiwanda kinakosa malighafi, na idadi ya virusi katika damu hushuka. Lakini baadhi ya seli zilizokwisha kupachikwa nakala hulala kwa miaka mingi bila kufanya kazi, na dawa hazizifikii zikiwa katika usingizi huo. Mtu akiacha dawa, seli hizo huamka, na kwa kawaida virusi hurudi katika damu baada ya wiki chache. Kwa hiyo kufubaza ni sawa, kuua si sawa, na kuponya si sawa.

7. Lugha ya cheti

Jina la dawa likiwa sahihi, bado mgonjwa anakabiliwa na maneno ya cheti. Hapa tumeona maneno matano yanayohitaji uangalifu wa pekee.

(a) Dozi. Kwa wataalamu dozi ni kiasi cha dawa kwa wakati mmoja. Kwa wananchi dozi ni mfululizo mzima wenye mwisho: dozi ya malaria ni siku tatu, dozi ya kifua kikuu ni miezi sita, na kila mtu amefundishwa kuwa "maliza dozi hata ukijisikia nafuu". Mafundisho hayo ni mema, lakini mwenye VVU akiyachukua na kuyahamishia kwenye kopo la vidonge thelathini atadhani kopo likiisha dozi imeisha. Dawa za kufubaza hazina dozi ya kumaliza.

(b) Kutwa. "Kimoja kutwa mara mbili" ni msemo wa kawaida wa madirisha ya dawa. Lakini "kutwa" ni mchana, tangu kupambazuka hadi kuchwa, na jozi yake ni "kucha", yaani usiku. Anayejua Kiswahili chake vizuri ana haki ya kumeza vidonge vyote viwili kabla ya jua kutua. Maana iliyokusudiwa ni siku nzima ya saa ishirini na nne.

(c) Saa. Saa ya Kiswahili huanza alfajiri na saa ya Kizungu huanza usiku wa manane, na kati ya hizo pana tofauti ya saa sita. Mfasiri akiona nane za usiku katika maandishi ya Kiingereza, akaandika "saa nane usiku", amemwamsha mgonjwa usiku mkubwa badala ya kumpa dawa baada ya chakula cha jioni, saa mbili. Aidha, "kila saa 12" yaweza kusomwa kuwa kila muda wa saa kumi na mbili upitapo, au kila ifikapo saa kumi na mbili. Kwa bahati njema, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni zimeachana kwa saa kumi na mbili kamili, hata anayekosea kusoma akapatia kumeza. Lakini "kila saa 8" haina bahati hiyo: anayemeza saa nane mchana na saa nane usiku amekosa kidonge kimoja kati ya vitatu.

(d) Sugu. Siku hizi VVU huhesabiwa katika magonjwa sugu, kama kisukari na shinikizo la damu, yaani magonjwa ambayo mtu huishi nayo kwa tiba ya kudumu. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Lakini hukohuko kliniki mgonjwa huambiwa ajihadhari asipate "virusi sugu", yaani virusi vilivyozoea dawa kwa sababu zilimezwa kwa kurukaruka. Hiyo ni habari ya hatari. Neno moja limebeba faraja na onyo kwa pamoja. Tena tunasema "usugu wa dawa", kana kwamba dawa ndiyo iliyokuwa sugu, ilhali mwenye usugu ni kirusi.

(e) Kutoonekana. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Ulaya kwa jina la PARTNER, matokeo yake yakatolewa mwaka 2016 na 2019, haukuona hata ambukizo moja kutoka kwa mtu ambaye virusi katika damu yake vilikuwa chini ya nakala 200 kwa mililita moja. Habari hii imetafsiriwa kuwa "virusi visivyoonekana haviambukizi". Lakini asiyeonekana, katika mazungumzo ya kawaida, ni asiyekuwepo. Mgonjwa akiambiwa "virusi vyako havionekani", huweza kusikia "umepona". Tunakumbuka jinsi mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walivyosafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na jinsi baadhi ya waliokuwa wakimeza dawa hizi walivyoziacha kwa kuamini wamepona. Neno "kupona" lina mvuto kuliko maneno yote ya hospitali, na hatupaswi kulipa mlango wa kuingilia.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hiyo tunawaletea wafasiri, walimu na watumishi wa umma mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, pawe na mgawanyo wa kudumu wa maneno matatu: "dawa" iwe kitu kinachomezwa au kudungwa, "tiba" iwe huduma ya kumtibu mgonjwa, apone asipone, na "uponyaji" uwe kumalizika kwa ugonjwa. Kwa mgawanyo huu UKIMWI una dawa, una tiba, lakini haujapata uponyaji. Tangazo la kusema "hauna tiba" liachwe.

Pili, "dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI" iwe istilahi sanifu, na kifupisho ARV kibaki kando yake, kwa kuwa ndicho kinachosomwa juu ya makopo. "Dawa za kurefusha maisha" ibaki katika historia.

Tatu, badala ya "dozi" kwa dawa hizi kiandikwe "kipimo cha kila siku", na chini yake sentensi kamili: "Kopo likikaribia kwisha, fuata jingine. Dawa hizi hazina mwisho." Badala ya "kutwa mara moja" iandikwe "kidonge kimoja kila siku, saa ileile", na saa itajwe kwa hesabu ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku: "saa 2 usiku".

Nne, "sugu" liachiwe ugonjwa wa kudumu. Kwa kirusi kilichozoea dawa tuseme "kirusi kaidi", na hali yenyewe "ukaidi wa virusi kwa dawa". Neno "kaidi" linajulikana na kila mzazi, na halina faraja ndani yake.

Tano, mahali pa "virusi havionekani" tuseme "virusi viko chini ya kipimo". Msemo huu unaeleza kwamba vipo, kwamba vimekuwa vichache mno, na kwamba jambo lililofikia mpaka ni uwezo wa mashine.

Sita, katika sehemu za mpakani kama Buhigwe, Kasulu na Kibondo, maandishi ya Kiswahili yataje angalau mara moja kwamba UKIMWI ndio SIDA. Hili halipunguzi hadhi ya lugha ya taifa. Utaratibu wetu wa kuunda istilahi umeturuhusu siku zote kutazama lugha za Kibantu baada ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, na neno "ikulu", tulilolipata Unyamwezini na Usukumani, halijatudhuru.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba katika muda wa miaka arobaini Kiswahili kimeunda msamiati mzima wa ugonjwa ambao kamusi ya mwaka 1981 haikuujua. Kimeunda UKIMWI na VVU, kikaamsha "unyanyapaa" kutoka katika kitenzi cha kumwonea mtu kinyaa, kikawaondolea watu jina la "waathirika" na kuwaita WAVIU, watu wanaoishi na VVU. Hiyo ni kazi ya kujivunia, na sehemu kubwa yake ilifanywa na wauguzi, watangazaji na wagonjwa wenyewe kabla ya kamati yoyote kukutana.

Hata hivyo istilahi hukaguliwa kila mara sayansi inapobadilika. Mwaka 2004 dawa hizi ziliwaokoa walio mahututi. Tangu mwaka 2016 hupewa hata wenye afya, ili wabaki na afya. Maneno yaliyotosha kwa wakati ule hayatoshi tena. Mwalimu wa Muyama au Manyovu anayeulizwa na mwanafunzi maana ya maandishi yaliyo juu ya kopo la mama yake anahitaji jibu fupi, la kweli, lisilotisha wala kudanganya. Tunawaomba wasomaji wanaofanya kazi katika zahanati, shule na ofisi za wilaya watuandikie maneno wanayoyasikia kwa wananchi wenyewe, ili orodha itakayofikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji iwe na sauti ya wale watakaoitumia.